Peasi, Pera na Sahani ya Kila Siku

Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia za Pap Onditi na sehemu nyingine za Nyakach

Tunda lifike mezani

Katika maboma mengi ya Nyakach tunda lina nafasi yake, na nafasi hiyo haiko mezani. Mtoto huchuma pera akitoka shuleni akalila njiani. Mama hununua ndizi mbivu sokoni kumnyamazisha mdogo aliye mgongoni. Mtu akilazwa hospitalini, jamaa humpelekea mfuko wa machungwa, matufaha na mapeasi, tena yale ya bei. Lakini familia ikiketi kula jioni, mbele yao pana ugali, omena au samaki, na mboga iliyogawanywa kidogo kidogo ili imfikie kila mtu. Tunda halionekani. Mtu mzima anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuonja tunda, na siku atakayoletewa ni siku ambayo hamu ya kula imeshamtoka.

Hali hii haiko Nyakach peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 94 ya watu wazima nchini Kenya hawafikishi vipimo vitano vya matunda na mboga kwa siku. Vipimo hivyo vitano ndivyo vinavyotimiza gramu 400 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Kipimo kimoja ni gramu 80 hivi: nusu ya peasi la wastani, pera moja kubwa au mawili madogo, kipande cha papai kinachojaa kiganja, au vijiko vitatu vikubwa vya mboga ya osuga iliyopikwa. Ukiishika hesabu hiyo utaona kwamba mboga ya mchana na ya jioni ikiongezwa kidogo inakupa vipimo vitatu, na matunda mawili yanamaliza kilichobaki.

Tumechagua kuzungumzia peasi na pera kwa sababu watu wa hapa huyapima kwa bei: peasi likaonekana tunda la heshima, pera likaonekana la watoto na ndege. Mwili hauyapimi hivyo. Kila moja lina kazi yake, na mpishi anayeijua kazi hiyo hatapoteza pesa wala chakula.

Moja latoka juu, jingine liko uani

Peasi ni tunda la nchi ya baridi. Mti wake huhitaji majira ya ubaridi ndipo uchanue na kuzaa vizuri, ndiyo sababu hapa Kenya hulimwa nyanda za juu kama Limuru na Molo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa chini wa Nyakach haupandi sana juu ya hapo. Joto letu linaufaa mwembe, mpapai, mkwaju na mpera. Basi mtu asikuuzie mche wa peasi akikuahidi mavuno hapa Pap Onditi.

Mapeasi unayoyakuta Kisumu ni ya namna mbili. Yako makubwa, laini, yenye vibandiko, mengi yakiwa yamesafiri kwa meli kutoka Afrika Kusini; hayo ndiyo ghali. Yako pia ya nyanda zetu wenyewe, madogo, magumu, ngozi ina madoadoa ya kahawia, na ukiyatafuna yana chembechembe kama mchanga. Hayo ya pili hayapendezi machoni, lakini kwa kupika ndiyo mazuri zaidi kwa kuwa hayavurugiki upesi ndani ya sufuria. Ukipita Sondu siku ya soko, mahali ambapo mazao ya upande wa Kericho hukutana na ya upande wa ziwa, uliza kama yameshuka.

Peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, kisha huiva likiwa nyumbani. Huiva kuanzia ndani, kwa hiyo ukingoja mwili wote uwe laini utakuta kiini kimeshakuwa cheusi. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba: pakibonyea kidogo, tunda liko tayari. Likiwa gumu bado, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, siku mbili au tatu litaiva.

Pera halihitaji maelezo marefu. Mipera mingi ya kwetu haikupandwa na mtu. Ndege walikula, mbegu zikaanguka penye ua au kando ya shamba, mti ukaota. Pengine ndiyo maana hatuuheshimu. Msimu ukifika mapera huanguka chini, kuku wakadonoa, mengine yakaoza, huku ndani ya nyumba iyo hiyo mama mjamzito ameambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini. Hili ndilo jambo lililotuuma zaidi tulipoandika kijitabu hiki.

Kila tunda na kazi yake

Pera dogo la gramu 55 lina takriban miligramu 125 za vitamini C. Mtu mzima, kwa kipimo cha mashirika ya FAO na WHO, anahitaji miligramu 45 kwa siku. Pera moja basi limempa zaidi ya mara mbili ya haja yake. Peasi zima, hata likiwa kubwa la gramu 178, halifikishi miligramu 8. Anayetafuta vitamini C asiende kununua peasi.

Vitamini C ina faida nyingi, lakini kwa jikoni la hapa iko moja iliyo kubwa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, ndengu, mtama, wimbi na mboga za majani kama osuga, akeyo na kunde hayachukuliwi kwa urahisi na mwili. Mengi hupita na kutoka. Vitamini C ikiwa ndani ya mlo uleule, mwili hunyonya sehemu kubwa zaidi ya madini hayo. Neno muhimu hapo ni mlo uleule. Pera la saa kumi jioni halitasaidia maharagwe ya saa saba mchana. Liweke kando ya sahani, ulile pamoja na chakula au mara tu baada yake.

Chai hufanya kinyume. Tanini iliyomo kwenye majani ya chai hushikana na madini ya chuma na kuyazuia. Familia nyingi hunywa chai pamoja na chakula au papo hapo baada ya kula, na watoto hupewa vilevile. Isogeze chai, ipite walau saa moja baada ya mlo. Hatusemi muiache, tunasema iwe na saa yake.

Magadi nayo tuyatazame. Tunayatia kwenye mboga ngumu ili zilainike na zibaki kijani. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B. Mapishi ya kwetu ya kuchanganya mboga na maziwa hupunguza ukali na uchungu bila madhara hayo, na tunayapendelea kuliko magadi. Tanguliza kuosha majani kabla ya kuyakata, maji yawe kidogo, mfuniko uwe juu, na usiyamwage maji ya kupikia.

Sasa tugeukie peasi, kwa kuwa nalo lina jambo ambalo pera halifanyi vizuri. Peasi zima pamoja na ngozi yake lina gramu 5 na nusu hivi za nyuzinyuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka katika vyakula. Zaidi ya nyuzinyuzi, peasi lina sukari ya asili iitwayo sobitoli ambayo huvuta maji ndani ya utumbo. Nyuzinyuzi na maji hayo kwa pamoja hulainisha choo. Pera pia lina nyuzinyuzi nyingi, lakini likiwa bichi lina tanini inayokaza tumbo, na watoto wanaokula mapera mabichi kwa wingi hulijua hilo kwa machungu. Pera la kuliwa ni lile lililogeuka rangi na kutoa harufu.

Kuhusu mbegu za pera: wako watu wanaowakataza watoto wakisema zinaziba kidole tumbo. Ugonjwa wa kidole tumbo huwapata watu wanaokula na wasiokula mapera, na hofu hiyo isimnyime mtoto tunda bora kuliko yote lililo uani. Kwa mtoto mdogo sana chuja mbegu, si kwa sababu ya kidole tumbo, ila kwa sababu ni ngumu na tumbo lake halizisagi.

Mama mjamzito

Kliniki humpa mama mjamzito vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki, ameze kimoja kila siku. Ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima, na malaria huharibu chembe za damu. Mama anayejifungua akiwa na upungufu wa damu yuko hatarini hata akipoteza damu isiyo nyingi. Vidonge hivyo ni vya lazima. Lakini wahudumu wa afya ya jamii wanajua wanachokikuta wakitembelea maboma: vidonge vimefungwa kwenye leso, vimewekwa juu ya kabati, havijaguswa. Mama akiulizwa kwa upole husema vinamfunga choo, vinamchafua roho, au vinafanya kinyesi kuwa cheusi akaogopa.

Dada yetu, kinyesi kuwa cheusi ni kawaida kwa anayemeza vidonge vya madini ya chuma, usiogope. Kufunga choo kuna dawa jikoni. Kula peasi moja na ngozi yake kila siku ukilipata. Usipolipata, papai bivu au embe bivu hufanya kazi hiyo. Kunywa maji ya kutosha kutwa nzima, kwa kuwa nyuzinyuzi bila maji huongeza tatizo. Meza kidonge pamoja na maji ya ndimu au ukila pera bivu, kamwe si kwa chai. Kikikuchafua roho, kimeze usiku baada ya kula. Hali isipobadilika rudi kliniki useme, usiache kimyakimya.

Baba wa nyumba anayesoma hapa ana sehemu yake. Pesa ya soda moja inatosha kununua papai, na mti wa mpera ulioko mpakani mwa shamba haugharimu kitu. Mwekee mama wa watoto tunda lake kabla hujagawa mengine.

Tahadhari moja: mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao uko kwa wingi katika eneo letu, asimeze vidonge vya madini ya chuma kwa ushauri wa jirani. Upungufu wake wa damu una chanzo kingine, na kliniki ndiyo itakayoamua anachohitaji. Matunda na maji mengi ni salama kwake, tena maji kwake ni kinga.

Jikoni

*Peasi la kuchemsha bila sukari.* Chukua mapeasi manne magumu. Yaoshe, yakate vipande vinne kila moja, toa kiini na mbegu, acha ngozi. Weka kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji, kipande cha tangawizi kilichopondwa, na mdalasini ukiwa nao. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, mpaka uma upite bila kusukumwa. Kamulia nusu ya ndimu ukishaepua. Maji yaliyobaki ni matamu, yanyweni. Hakuna haja ya sukari hata kijiko. Tunda lenyewe limetosha. Chakula hiki kinamfaa dani, yaani bibi, aliyepoteza meno, mgonjwa asiye na hamu, na mtu anayepata choo kwa shida. Moto huipunguza vitamini C, ambayo kwenye peasi ilikuwa kidogo tangu mwanzo, lakini nyuzinyuzi zinabaki. Kwa hiyo peasi likipikwa halipotezi kitu cha kujutia, wakati pera likipikwa hupoteza sehemu ya kile linachosifiwa. Kanuni yetu ni nyepesi: pera liliwe bila kupikwa ukiweza, peasi lipike upendavyo.

*Kabichi na peasi.* Kaanga kitunguu kwa vijiko viwili vya mafuta, tia bizari nyembamba, kisha kabichi iliyokatwa nyembamba na peasi gumu moja lililokatwa vipande vyembamba. Chumvi kidogo sana. Funika dakika saba, isiive ikalegea. Utamu wa peasi unaiondolea kabichi ule ukali ambao watoto huukataa, na mpishi hahitaji kuongeza mchuzi wa pakiti ambao umejaa chumvi. Inafaa kwa ugali na samaki wa kuchoma.

*Kachumbari ya pera kwa omena.* Omena tayari ina madini ya chuma na kalisi, hasa kwa kuwa huliwa na mifupa yake. Itengeneze kama kawaida yako: ioshe kwa maji ya moto, ikaange, itie nyanya na kitunguu. Pembeni andaa pera bivu ambalo bado limekaza, likate, toa sehemu ya mbegu, changanya na nyanya, kitunguu, dania na maji ya ndimu. Usiitie chumvi, omena inayo. Kachumbari hiyo ikiliwa na omena, osuga na ugali wa mtama, mlo umekamilika, na karibu kila kitu kimetoka ndani ya Nyakach na ziwani.

*Rojo la mapera.* Msimu wa mapera mengi, chemsha yaliyoiva sana kwa maji kidogo dakika kumi, yaponde, chuja mbegu kwa chujio la chai. Rojo linalobaki linamiminwa juu ya uji au ndani ya mala. Wazee wetu waliutia uji wa mtama ukwaju ili uwe na uchachu. Rojo la pera lina ladha ya jamaa moja na hiyo, tena linapunguza hitaji la sukari. Lipike la siku hiyo tu kama huna friji. Jamu ya pera ni tamu, lakini hutengenezwa kwa sukari inayokaribia uzito wa tunda lenyewe. Jamu si tunda, tusijidanganye kwayo.

Juisi tunaiweka karibu na jamu. Mapeasi matatu yakikamuliwa hutoa gilasi moja. Nyuzinyuzi zinatupwa, sukari ya matunda matatu inanywewa kwa dakika moja. Tafuna tunda.

Mtoto wa miezi sita na kuendelea

Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitajiki. Akifika miezi sita, anza vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Peasi lililochemshwa na kupondwa ni miongoni mwa matunda mepesi kuanzia, kwa kuwa ni laini na halina uchachu mkali. Lipondwe kwa uma, liliwe kwa kijiko. Mwanzoni vijiko viwili au vitatu vinatosha, kisha uongeze taratibu. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Lichanganye peasi hilo na kiazi kitamu cha rangi ya machungwa, aina kama Kabode na Vita zinazolimwa sana upande huu wa nchi. Kiazi hicho kina kiini cha vitamini A, peasi linalainisha, na tone la mafuta au kijiko cha parachichi lililopondwa linasaidia vitamini A kunyonywa. Parachichi lina mafuta gramu 15 hivi katika kila gramu 100, mafuta mazuri, na kwa mtoto asiyeongeza uzito ni msaada mkubwa. Uji wa wimbi nao usiwe mwepesi kama maji: uinuapo kijiko, uji ukae. Karibu na kuepua, kwangulia peasi ndani yake, uchemke dakika tano.

Tunda peke yake halimkuzi mtoto. Anahitaji omena iliyosagwa, yai, maharagwe, maziwa. Tunasema hivi kwa sababu tumeona mtoto akipewa ndizi na uji mweupe mwezi mzima, mama akiamini amelishwa. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara tatu au nne, kando ya kunyonya.

Peasi gumu lisilopikwa asipewe mtoto wa chini ya miaka minne akiwa peke yake wala akikimbia. Kipande kinaweza kumkaba. Likwangue au ulikate vipande vyembamba sana, na aketi anapokula.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 pia anastahili tone la vitamini A kila baada ya miezi sita, bila malipo, na wiki za Malezi Bora za mwezi wa Mei na Novemba ni nafasi ya kulipata. Kula matunda hakuondoi haja hiyo.

Mwenye sukari, presha au ugonjwa wa figo

Wenye ugonjwa wa sukari wengi wameambiwa mitaani kwamba tunda ni marufuku. Si kweli. Gramu 100 za peasi au za pera zina takriban gramu 10 za sukari, na nyuzinyuzi zake huifanya iingie kwenye damu polepole. Peasi dogo moja au mapera mawili madogo kwa wakati mmoja, likiwa zima, lenye ngozi, ni sawa kwa wengi. Kinachodhuru ni juisi, soda, chai yenye vijiko vinne na ugali mkubwa bila mboga. Pima sukari yako saa mbili baada ya kula uone mwili wako unavyoitikia, na uonyeshe daftari lako kliniki.

Mwenye presha anafaidika na matunda yote mawili, lakini faida kubwa zaidi ataipata kwenye chumvi. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, pamoja na ile iliyo ndani ya samaki wa chumvi na michuzi ya pakiti.

Figo ni habari nyingine, na hapa peasi linalishinda pera. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu hurundikana kwenye damu na inaweza kuusimamisha moyo. Gramu 100 za pera zina miligramu 417 hivi za potasiamu, parachichi 485, na peasi 116 tu. Mgonjwa anayesafishwa damu akitamani tunda, peasi ni mojawapo ya yale yanayoruhusiwa mara nyingi, wakati pera, parachichi na ndizi huwekewa mipaka. Amwulize daktari au mtaalamu wake wa lishe kiasi. Huyu ndiye mtu ambaye ile pesa ya peasi la dukani inamstahili.

Maji, mafuriko na kipindupindu

Mito ikifurika uwanda wa chini, vyoo hufunikwa, visima huchafuka, na tunda lililookotwa chini linaweza kubeba kipindupindu au homa ya matumbo. Usiokote kilichoguswa na maji ya mafuriko, hata kikionekana kizima. Kilichochumwa mtini kioshwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukata. Tunda lililokatwa likikaa bila kufunikwa, nzi hulifikia kwa dakika chache; kata unapokula. Vipande vinavyouzwa kando ya barabara kwenye vifuko vimeoshwa kwa maji usiyoyajua. Nunua tunda zima.

Watu wengi huchemsha majani ya mpera kutibu kuhara. Hatutaki kumdharau dani aliyetufundisha, lakini mtoto anayehara anakufa kwa kukaukiwa maji, na kikombe cha majani ya mpera hakirudishi chumvi alizopoteza. Mpe ORS iliyochanganywa kwa maji safi, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na apate vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na macho yaliyobonyea, akikataa kunywa, akihara damu au kinyesi kama maji ya mchele, mkimbize hospitalini bila kungoja asubuhi.

Mti mmoja kwa kila boma

Mpera huota kwenye udongo mwingi, hata ule uliochoka, na mizizi yake inasaidia kushika ardhi mahali ambapo mmomonyoko umekula mashamba, kama tuonavyo Katuk Odeyo. Ukipanda kwa makusudi, chagua mche uliobebeshwa au mbegu ya mti wenye matunda makubwa, chimba shimo la sentimita 60, tia samadi, uuzungushie miiba mbuzi wasiufikie. Ukipandwa kwa mbegu hungoja miaka mitatu au zaidi. Uliobebeshwa huzaa mapema.

Adui wake ni nzi wa matunda, yule anayeacha funza ndani. Aina mpya yenye nguvu ilionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye tawi lake Mbita, kimetafuta njia za kuizuia. Iliyo rahisi kwa mwenye boma ni hii: kila siku okota mapera yaliyoanguka, yafukie nusu mita chini au uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki mgumu na kuuacha juani siku kadhaa, ili funza wasigeuke nzi wapya. Chuma yanapoanza kugeuka rangi, yaivie ndani. Mashamba jirani yakifanya vivyo hivyo kwa pamoja, nzi hupungua. Akifanya mmoja peke yake, hapati nafuu kubwa.

Mvua za masika zijazo, kila boma la Nyakach lipande mpera mmoja na mpapai mmoja karibu na jikoni, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yanaweza kuifikia. Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako chochote ambacho hukukielewa humu, na kijitabu hiki ukishamaliza mpe jirani mwenye mtoto mdogo.